Ubuyu wa Mjini: Kuutambua Mti na Kuokota Tunda Lake

Jioni za mwisho wa wiki watu hujazana Mama Ngina, ukingoni mwa kisiwa cha Mombasa, pale meli zinapopita karibu zikiingia bandari ya Kilindini. Hukaa chini ya mibuyu mikongwe, wakala mihogo ya kukaanga, wakanywa madafu, na watoto wakanunuliwa mabuyu mekundu. Mbegu hizo zilizopakwa sukari na rangi zimetoka mbali, Kilifi, Taita Taveta, Kitui au Makueni, zikapita mikono ya wachuuzi kadhaa kabla ya kufika hapo. Na huku wanunuzi wameegemea mti, matunda ya aina ileile yananing'inia juu ya vichwa vyao. Yanayoanguka hukanyagwa au huzolewa pamoja na takataka. Si Mombasa peke yake. Dar es Salaam ina mibuyu Msasani na Kunduchi, Unguja inayo, na miji midogo ya pwani inayo katika viwanja vya shule, makaburini na kando ya barabara.

Kijitabu hiki kinatetea jambo moja. Mbuyu wa mjini ni mti wa chakula, na tunda lake linafaa kuokotwa na mkazi wa mji kuliko vyakula vingi vya mwituni, kwa sababu maumbile yamelifunga ndani ya gamba gumu. Ila faida hiyo ni ya tunda tu. Haiyahusu majani, haiuhusu mti mwingine unaofanana na mbuyu, wala haihusu tunda lililopasuka likalala chini siku kadhaa. Anayetaka kula cha mjini hana budi kujua mti, sehemu ya mti, na mahali mti uliposimama. Akikosa kimojawapo, afadhali anunue sokoni.

Tuanze na mti. Wengi watasema mbuyu haumpotei mtu, na kwa mbuyu uliokomaa ni kweli: shina nene kupita kiasi kwa urefu wake, gome laini la kijivu ambalo pengine hung'aa rangi ya shaba, matawi mafupi yanayopungua unene kwa ghafla kama vidole. Kwa miezi mingi ya ukavu huwa hauna jani hata moja, na hapo ndipo matunda huonekana vizuri, kila moja limening'inia kwenye kikonyo chake kirefu. Lakini mjini si kila mbuyu ni mkongwe. Wenyeji husema mbuyu ulianza kama mchicha, na msemo huo ni kweli hata kwa macho. Mche wa mbuyu hutoa kwanza majani ya kipande kimoja, hauna unene wowote, na mtu asiyeujua huufyeka kama gugu. Baadaye majani hugawanyika vipande vitatu, kisha vitano hadi saba, vimetokea pahali pamoja mwishoni mwa kikonyo kama vidole kwenye kiganja. Mti wa umri wa kati, wenye shina la kawaida na majani ya namna hiyo, ndio unaochanganywa na mingine.

Ndugu yake anayechanganya watu zaidi ni msufi. Huo nao una majani ya kiganja, nao umepandwa katika viwanja na barabara nyingi za pwani. Ila msufi mchanga huwa na miiba minene kwenye shina, matawi yake hutoka mlalo kwa ngazi ngazi, na ukizeeka shina huota mbavu pana chini. Tunda lake halina manyoya nje, nalo likikauka hupasuka lenyewe na kumwaga sufi, ile ya kujazia mito. Tunda la mbuyu halifunguki lenyewe mtini. Ukikuta pamba, umekosea mti, ingawa kosa hilo halitakuumiza.

Kosa la kuumiza ni mvungunya, ambao wengine huuita mwegea. Unapandwa katika bustani za miji kwa uzuri wa maua yake na kivuli, na matunda yake huning'inia kwa kamba ndefu kama ya mbuyu. Anayeambiwa tu kwamba ubuyu ni tunda kubwa linaloning'inia kwenye kikonyo kirefu anaweza kusimama chini ya mvungunya akadhani amefika. Tunda bichi la mvungunya ni sumu na huharisha vibaya. Kinachozidisha mkanganyiko ni kwamba watu wengi wa Kenya ya kati wamesikia tunda hilo hutumika kutengeneza pombe ya muratina, wakahitimisha kwamba linalika. Katika muratina, tunda hukaushwa na kuandaliwa kwa utaratibu maalumu ili lichachushe pombe, na hakuna anayelitafuna. Kulitofautisha si kazi. La mvungunya ni refu kama mhogo mnene, mara nyingi kuzidi sentimita 30, zito, la kijivu, nalo halina manyoya ya mahameli. Majani yake yamepangwa pande mbili za kikonyo, hayakutokea pamoja kama kiganja. Maua yake ni mekundu ya damu ya mzee, ilhali ya mbuyu ni meupe.

Ua la mbuyu linastahili kungojewa. Hufunguka jua linapotua, kubwa kama kiganja cha mtu mzima, petali tano nyeupe zilizokunjika nyuma, na katikati limebeba fundo la nyuzi za chavua kama brashi ya kupaka poda. Usiku popo walao matunda huja kunywa asali yake na kuchukua chavua kutoka mti hadi mti. Kesho yake linasinyaa, linageuka hudhurungi na kutoa harufu mbaya, kisha linaanguka. Mtu aliyekwisha kuuona mti uleule katika majani, katika ua na katika tunda hahitaji picha tena. Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa anayeanza ni kuchagua mbuyu mmoja wa karibu na kuupitia mwaka mzima kabla ya kuonja chochote. Mwaka unaweza kuonekana mrefu, lakini utambuzi wa jani moja kwa siku moja ndio unaoleta ajali.

Sasa tunda lenyewe. Likikomaa huwa na urefu wa kiasi cha kiganja au zaidi, mviringo au refu kidogo, limevikwa manyoya laini ya kijani kibichi yanayoelekea manjano au hudhurungi. Ukilipapasa kwa mkono mtupu manyoya hayo huwasha, kwa hiyo lisugue kwanza kwenye nyasi au litie kwenye gunia. Liinue: tunda lililokomaa ni jepesi kwa ukubwa wake, kwa sababu ndani mmekauka. Ligonge kwenye jiwe litapasuka kwa mlio mkavu. Ndani utaona vipande vya unga mweupe au wa maziwa, vimeshikana na kuzunguka mbegu nyeusi zenye umbo la figo, na nyuzi nyekundu zimepita katikati zikivifunga. Huo ndio ubuyu. Unga ulio sawa ni mkavu, huyeyuka ulimini na kuchachuka. Ukiwa umegeuka kijivu, mweusi au wa kijani, ukinuka uvundo, au ukiwa na unyevu, tupa tunda zima, usikwangue palipoharibika na kubakisha pengine. Kuvu haiishii pale inapoonekana. Kagua pia gamba kabla ya kulivunja. Tundu la mdudu au ufa mwembamba maana yake mlango ulikwisha kufunguliwa kabla yako.

Hapa ndipo penye hoja kuu, nayo inakutana na pingamizi kubwa: mji ni mchafu, na chakula cha kando ya barabara ni chakula cha moshi. Pingamizi hili ni la haki. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa katika nchi zetu kufikia mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Ilibaki katika udongo wa kando za barabara za zamani. Mombasa yenyewe ina funzo chungu zaidi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, uyeyushaji wa betri kuukuu uliacha risasi katika udongo na katika damu ya watu, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hakuna anayestahili kuwaambia watu wa mji kwamba udongo wao hauna neno.

Lakini pingamizi hilo haligusi kila sehemu ya mti kwa uzito mmoja. Uchafu wa barabarani hufika kwenye chakula kwa njia mbili, kutoka juu kama vumbi na masizi, na kutoka chini kupitia mizizi. Vumbi hukaa juu ya majani na juu ya matunda yenye ngozi laini, na zambarau lililoanguka kwenye lami huliwa pamoja na lami yake. Gamba la ubuyu ni gumu kama ubao. Ukilifuta na kulivunja mahali safi, unga wa ndani haujaguswa na moshi wala na mkono wa mtu. Kwa njia ya mizizi, mimea kwa kawaida huishikilia risasi zaidi mizizini, kiasi kidogo hupanda hadi kwenye majani, na kidogo zaidi huingia katika tunda. Kwa hiyo tunda lililofungwa lina ulinzi pande zote mbili, na jani halina hata mmoja ulio wa uhakika.

Ndiyo sababu kijitabu hiki kinasema wazi: majani ya mbuyu wa mjini yaacheni. Majani machanga ni mboga nzuri. Mali na Burkina Faso hukaushwa na kusagwa kwa ajili ya mchuzi wa kila siku, na kwetu pia wapo wanaoyapika. Mbuyu wa shambani, mbali na barabara, unaweza kuchumwa kwa kiasi. Wa mjini hapana, na sababu si vumbi tu. Mti unaokatwa matawi kila mara kwa ajili ya majani hutoa matunda machache, na mti wa bustani ni wa watu wengi. Hata kwa tunda, kataeni mti uliosimama kwenye jalala, kwenye gereji, penye karakana ya betri au kiwanda cha kuyeyusha chuma, au uliomwagiwa maji taka. Ulinzi wa gamba si sababu ya kwenda kuujaribu mahali pabaya kuliko pote.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine kabisa. Wapo wanaoambiwa ubuyu una vitamini C mara sita ya chungwa, wakaona basi hiyo ni dawa. Takwimu za maabara hutofautiana sana mti kwa mti, lakini ni kweli kwamba gramu 100 za unga wa ubuyu mara nyingi hupatikana na miligramu 150 hadi 300 za vitamini C, na chungwa la uzito huo lina kama 50. Hata hivyo, ulinganisho huo unapotosha. Chungwa limejaa maji, na ubuyu umekauka. Hakuna anayekula gramu 100 za unga mkavu kwa mara moja. Glasi ya juisi hutumia labda gramu 25, na hesabu yake inaangukia karibu na chungwa moja. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 45 kwa siku kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo glasi moja ya ubuyu ulio mzuri inatosha. Hilo tayari ni jambo kubwa kwa tunda linalozolewa na fagio, halihitaji kutiwa chumvi. Ongeza kwamba karibu nusu ya unga huo ni nyuzinyuzi, na kwamba una kalsiamu ya kutosha kutajwa. Umoja wa Ulaya uliuruhusu uuzwe huko kama chakula kipya mwaka 2008. Neno hilo kipya lisitutie unyonge. Kwetu ni chakula cha siku zote, na kukiita chakula cha njaa ni kukinyima haki yake.

Namna ya kuutumia inafuata hapo. Vitamini C huharibika kwa moto, basi ubuyu usichemshwe. Toa nyuzi nyekundu, loweka vipande katika maji ya uvuguvugu kwa saa moja au usiku kucha, koroga kwa mwiko mpaka mbegu zibaki tupu, chuja, tia sukari kidogo na iliki ukipenda. Wapo wanaoutia kwenye uji mahali pa ndimu, uji ukishaipuliwa. Watoto wadogo wasipewe vipande vyenye mbegu bila mtu mzima kuwa karibu, maana mbegu ni ngumu na hukaba koo. Anayekula mara ya kwanza ale kidogo. Nyuzinyuzi nyingi kwa mara moja humsumbua asiyezoea.

Je, tunda la bustani ya umma ni la nani? Bustani hutunzwa na kaunti au halmashauri, na nyingine zimo ndani ya eneo la kihistoria au la msikiti, kanisa, shule. Kuwa wazi kwa watu wote hakumaanishi kila kilichomo ni cha yeyote. Njia ya heshima ni kumuuliza msimamizi, na kwa kawaida kuokota yaliyoanguka hakuna anayekuzuia, ila kupanda mti, kuupiga mawe au kuchukua kwa magunia ni jambo jingine. Kuna pia suala ambalo vijitabu vya serikali hulikwepa. Pwani nzima mbuyu unahusishwa na mizimu, na baadhi ya mibuyu bado hufungwa vitambaa na kuwekewa ubani. Asiyeamini hana haja ya kubishana chini ya mti. Mbuyu wenye vitambaa una wenyewe, na imani hiyo ndiyo iliyoihifadhi mibuyu mingi isikatwe wakati sheria haikuwepo. Tafuta mwingine.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kwa anayependa miti. Tukiwafundisha watu kuokota, si tutaimaliza? Ushahidi unaelekea kwingine. Novemba 2022 Kenya nzima ilizungumzia mibuyu mikubwa iliyong'olewa mzima mzima katika Kaunti ya Kilifi ili isafirishwe hadi Georgia, mpaka Rais akaagiza leseni ichunguzwe. Miti hiyo haikuibwa. Iliuzwa na wenye mashamba, na mti uuzwapo hivyo mara nyingi ni kwa kuwa mwenyewe ameona umekalia ardhi kuliko unavyomlisha. Mti ambao watu hula matunda yake kila mwaka hupata walinzi bila kuajiriwa, kwa sababu ukiguswa wataujua. Ulinzi huo unahitajika. Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Adrian Patrut waliripoti kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi barani Afrika, 9 ilikuwa imekufa yote au vigogo vyake vya kale katika miaka 12 iliyotangulia, na wakashuku mabadiliko ya tabianchi.

Tena uokotaji wa tunda si kama ukataji wa gome au mizizi. Hauupunguzii mti mwili wake. Kinachopungua ni mbegu, na mjini mbegu hizo hazina mbebaji. Porini tembo na nyani hula tunda na kuziacha mbali. Bustanini huanguka chini ya mama yao, kwenye kivuli na saruji. Binadamu amekuwa mbebaji wa mbuyu kwa karne nyingi, na mibuyu ya Dhofar, Oman, ng'ambo ya bahari, inakubaliana na hadithi hiyo ya safari. Basi wekeni kikomo: yaliyoanguka kwanza, kisha yanayofikiwa kwa upembo kutoka chini, na yaliyo juu ni ya mti na ya popo. Asipande mtu. Shina la mbuyu halina pa kushika, na kupigilia vigingi ili kupata ngazi kunaacha vidonda vinavyoingiza maji na kuoza. Misumari ya mabango ya matangazo hufanya vilevile, na hiyo ing'olewe na wahusika wa bustani, si kwa kisu cha mpita njia. Wakati wa upepo mkali msikae chini ya mti kabisa. Tunda lenye gamba hilo likianguka kutoka mita 15 huvunja kioo cha gari.

Mbegu zilizobaki kwenye chujio msizitupe zote. Zimeoshwa tayari. Zimwagieni maji ya moto yasiyochemka, ziloweke humo kutwa na usiku, maana ganda lake ni gumu na bila hivyo huenda zikakaa muda mrefu bila kuota. Zioteshwe kwenye kopo lenye mchanga na samadi, mahali penye jua, na zisifurikishwe maji. Miche ikifika magotini, msimamizi wa bustani aulizwe pa kuihamishia, penye nafasi pana mbali na nyaya za umeme na mabomba. Na kwa mche uliojiotea wenyewe kwenye nyasi za bustani, ule wa majani ya kipande kimoja asioutambua mshika fyekeo, yatosha kuuchomekea kijiti kirefu kando yake na kukifunga kitambaa chekundu.